Mtu wa Karoni

Maongezi yetu ya usiku huu ni juu ya kazi ambayo takriban kila mmoja wetu amevaa tunda lake mwilini, ijapokuwa ni wachache waliopata kuiona ikitendeka, nayo ni kazi ya kuchapa fulana kwa fremu na wino. Fulana ya sare ya arusi, fulana ya msiba yenye jina la marehemu mgongoni, fulana ya mahafali, ya mbio za hisani, ya timu ya mtaa, ya mgombea udiwani aliyeshinda na ya yule aliyeshindwa, ambayo hudumu zaidi kwa kuwa huishia kuvaliwa na wapaka rangi za nyumba: aghalabu ya hizo zimepita chini ya raba iliyovutwa kwa mikono ya mtu, na nyuma ya mtu huyo walikuwako wengine, ambao mmoja wao ndiye sababu ya mimi kuketi mbele ya kipaza sauti usiku huu.

Ufundi wenyewe ni sahili kuuelewa. Hutwaliwa fremu ya mbao au ya chuma ikatandwa kitambaa chenye matundu madogo mfano wa chujio. Matundu yote yakazibwa isipokuwa yale yaliyo mahali pa maandishi au picha inayotakiwa. Fremu ikawekwa juu ya nguo, wino ukamwagwa upande mmoja, kisha ukavutwa kwa ubao wenye ukingo wa raba ambao mafundi huuita skwiji, na wino hupenya palipo wazi tu. Zikiwa rangi tatu fremu ni tatu, na kila moja haina budi kushuka pale pale iliposhuka mwenzake. Na mwanamke wa pwani aliyepata kuirudisha khanga dukani kwa kuwa rangi ya pindo imevuka ikaingia katika mji, yaani sehemu ya katikati, hahitaji kuelezwa na mimi ubaya wa rangi kutokaa pahala pake. Wajapani walikuwa wakipenyeza rangi katika karatasi zilizokatwa nakshi tangu zamani za mbali. Mwingereza wa Manchester, Samuel Simon, akapata hati ya kumilikishwa ubunifu wake wa kutumia hariri mwaka 1907. Na mnamo 1960 Mmarekani Michael Vasilantone akabuni mashine ya kuzunguka ambayo fremu zake hushikwa na mikono iliyotawanyika kila upande kama ya pweza. Hariri siku hizi imeondoka, ikaingia poliesta. Pweza yupo bado.

Karakana ninayotaka kuizungumzia iko Kariakoo, Dar es Salaam, uani nyuma ya duka la vitambaa, na mwenyewe aliniruhusu kuketi humo siku tisa za mwezi wa Aprili kwa sharti kwamba nisiitaje kwa jina. Watu wake ni watano. Yupo mwenye mali, ambaye wote humwita Mzee kwa staha ingawa mvi zake zahesabika. Yupo fundi mkuu, mtu wa maneno machache, ambaye mkono wake wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto kwa miaka mingi ya kuvuta skwiji. Yupo msaidizi wake, anayezivisha fulana juu ya mbao za mashine, akazivua zikiwa na wino mbichi na kuzilaza juu ya mkanda wa tanuri. Yupo binti karani, mwenye daftari, simu na kalamu mbili, moja ya wateja na moja yake mwenyewe ambayo haiazimwi. Na yupo kijana wa kuosha fremu, ambaye makao yake ni pembeni, penye karo la maji, simtanki na chumba kidogo cha giza. Huyu kazi yake haina jina. Fundi ni fundi na karani ni karani, bali yeye huitwa dogo, naye huitika.

Siku ya pili, yapata saa nne za asubuhi, Mzee alirudi kutoka benki akamkuta fundi wake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, skwiji imelala mapajani.

"Fundi, mbona umekaa?"

"Nangoja fremu, Mzee."

"Na ile oda ya shule?"

"Ndiyo hiyo ninayoingojea fremu."

Mzee akanigeukia mimi, na kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni aibu ya nyumba kabla mgeni hajaiona mwenyewe, akasema kwamba kazi zimekuwa nyingi kumshinda fundi mmoja, kwa hiyo amekwisha azimia, mwezi ujao inshallah, kukopa fedha anunue mashine ya pili na kuajiri fundi wa pili. Nikanyamaza, maana mgeni hapangi samani za mwenyeji. Lakini moyoni nilijiuliza: huyu fundi wa kwanza ameketi juu ya ndoo, je, huyo wa pili ataketi juu ya nini?

Ili mpate kulielewa swali langu, niruhusuni niifuate fremu moja tangu inapotoka mashineni hadi inaporudi, kwa kuwa humo ndimo ilimo siri ya karakana nzima, na humo ndimo wageni wasimotazama. Kazi ya jana ikiisha, wino uliobaki hukwanguliwa na kurudishwa koponi kwa sababu ni ghali, kisha fremu hupanguswa kwa dawa mpaka kitambaa kibaki bila rangi. Hupelekwa karoni ikapakwa dawa ya pili, ambayo kazi yake ni kuulegeza ule utando uliozibia matundu, nao mafundi huuita emalsheni; dawa hiyo huachwa kitambo kidogo, dakika moja au mbili, kisha fremu hupigwa maji ya pampu yenye nguvu, na utando ukabanduka ukateremka na maji kama ngozi ya viazi vilivyochemka. Ikibaki sura ya picha ya zamani, mfano wa kivuli cha mtu aliyekwisha ondoka, hupakwa dawa ya tatu. Kisha huoshwa kwa sabuni ya kuondoa mafuta, maana hata mafuta ya ncha ya kidole yatosha kuuzuia utando mpya usishike. Hapo hukaushwa. Ikikauka huingizwa katika chumba cha giza chenye taa ya manjano, ikapakwa emalsheni mpya upande huu na upande ule, ikalazwa ikauke tena, na safari hii ikauke kweli kweli. Ndipo hukutanishwa na filamu yenye picha mbele ya taa kali, au, katika karakana zisizo na taa hiyo, mbele ya jua la adhuhuri lenyewe. Mwanga huugumisha utando wote ila pale palipokingwa na weusi wa picha, na hapo palipokingwa huyeyuka kwa maji ya kawaida, njia ya wino ikafunguka. Fremu hukaushwa mara ya tatu, vitundu visivyotakiwa vikazibwa kimoja kimoja, kingo zikabandikwa utepe, na hapo ndipo huitwa fremu.

Hesabuni: kukausha mara tatu. Na Aprili ya Dar es Salaam haikaushi hata kanzu. Utando uliobaki na unyevu ndani yake haugumi sawasawa mbele ya taa. Ukipigwa maji hubanduka hata pasipotakiwa, na kazi yote huanza upya, au, jambo ambalo ni baya zaidi, hujifanya umeshika, ukastahimili fulana thelathini, na katika ya thelathini na moja ukachanika na kumwaga wino juu ya kifua cheupe. Yule kijana alikuwa ametengeneza kwa mbao chakavu kabati la kukaushia, akatia ndani feni na balbu ya kuleta joto, akaweka na chumvi ya mawe katika sahani akisema kwamba hunywa unyevu. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomsifu alicheka tu, akasema feni yenyewe ni ya kwao.

Sasa linganisheni. Fundi na msaidizi wake, kila kitu kikiwa tayari, hutoa fulana moja kwa dakika moja hivi, wala hawatoki jasho sana. Oda ile ya shule, fulana mia na hamsini za rangi tatu, iliwachukua muda usiotimia saa tatu. Lakini fremu zake tatu zilikuwa safarini tangu alasiri ya siku iliyotangulia. Mlaji humaliza kwa nusu saa pilau iliyoinjikwa tangu alfajiri, na hakuna ajabu katika hilo, kila jiko ndivyo lilivyo. Ajabu ni ya mwenye nyumba ambaye, akiona sahani zimechelewa, huenda kutafuta mlaji wa pili. Mimi sijapata kuona nyumba yenye njaa ikijitibu kwa kuongeza vinywa.

Siku ya nne likatokea jambo ambalo nasikitika kulisimulia, ila nisipolisimulia nitakuwa nimewaficha nusu ya habari. Kijana alikuwa amekwisha zipaka fremu mbili ile dawa ya kulegeza utando, akanyoosha mkono kuchukua bomba la maji, mara sauti ikatoka upande wa mashine: "Dogo, hebu kimbia ututwalie chai na chapati!" Naye, kwa kuwa ni mdogo wa umri na wa cheo, na kwa kuwa katika malezi yetu kumwambia mkubwa "subiri kidogo" ni karibu na utovu wa adabu, aliweka bomba chini akaenda. Kwa mama wa chapati palikuwa na foleni. Alikawia kama robo saa, na dawa ile ina tabia moja isiyosamehe: ikikaukia juu ya kitambaa, badala ya kuulegeza utando huufunga humo daima, wala hakuna maji ya pampu yatakayoung'oa tena. Vitambaa viwili vikawa vya kukatwa na kutupwa, na fremu zikapelekwa kwenda kutandwa upya, siku mbili nje ya kazi. Kijana alikaripiwa mbele ya watu wote. Waliokunywa chai hawakuulizwa neno, wala mimi sikusema kitu, maana kikombe kimoja kilikuwa changu.

Nimelifikiri sana jambo hilo tangu siku ile. Katika kila kazi ya watu wengi ipo sehemu inayoonekana na sehemu isiyoonekana, na heshima, kama maji, huelekea kwenye mteremko wa macho. Mteja aingiapo karakanani humwona fundi akivuta wino na picha ikitokea ghafla juu ya kitambaa kama muujiza. Humsifu, humpa hata fedha ya soda. Hakuna mteja aliyepata kuzunguka nyuma hadi karoni. Hata katika sanaa kubwa za ulimwengu mambo ni hayo hayo. Mmarekani Andy Warhol, ambaye picha zake alizozichapa kwa fremu za hariri zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya miji mikubwa, mwaka 1963 aliona kwamba fremu zake zinahitaji mtu wa pili, akamwajiri kijana mshairi, Gerard Malanga, kwa ujira wa dola moja na senti ishirini na tano kwa saa. Hakumtwaa kwa ajili ya mashairi yake, bali kwa kuwa kijana huyo alikwisha kuzishika fremu katika kazi ya kuchapa nguo na alizijua. Ninalopenda katika habari hiyo ni kwamba Warhol alijua aajiri mtu wa nini. Nisilolipenda mnaweza kulikisia. Nendeni mkasome jina lililo chini ya picha.

Siku ya saba kijana hakuja. Alikuwa na homa, na dadake alituma ujumbe kwamba amepelekwa zahanati. Fundi akamtazama msaidizi, msaidizi akamtazama karani, karani akatazama daftari lake, ambamo zilikuwamo oda mbili za siku ya kesho. Na mwishowe Mzee akakunja mikono ya shati akaenda karoni mwenyewe. Wallahi sikucheka. Chupa za dawa zilikuwa tatu na vibandiko vyake vilikwisha futika kwa maji, ikambidi azinuse moja moja kama mtu achaguaye samaki. Pampu ilimrushia maji usoni. Katika giza la chumba kile aliupaka utando mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, nao ulipofika mbele ya taa ukafanya ulivyotaka. Hadi adhuhuri alikuwa amepata fremu moja. Alitoka nje, miwani ikiwa na matone, akaketi juu ya ndoo ile ile ya fundi, na kwa kitambo kirefu hakusema neno. Daftari langu lilikuwa limejaa hesabu za saa ambazo mashine ilisimama, nami nilikuwa nikingoja wasaa wa kumsomea, nikalifunga. Karo lilikwisha mweleza kwa ufasaha kuliko mimi.

Hapa pana mjadala wa kale ambao wasomi huupenda. Mskochi Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza kiwanda cha pini alichokiona, ambapo kazi ya kutengeneza pini moja ilikatwa vipande kama kumi na vinane, na watu kumi kwa kugawana vipande hivyo waliweza kutoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ilhali mmoja peke yake asingemaliza ishirini. Tangu hapo wenye viwanda wamekuwa wakitoa mfano huo kama hirizi, kwamba kila mtu awe na kipande chake wala asiguse cha mwenziwe. Lakini warudipo kusoma vizuri wataona kwamba Smith mwenyewe alisema kiwanda kile kilikuwa kidogo, na kwamba kwa uchache wa watu baadhi yao walifanya kazi mbili au tatu kila mmoja. Sehemu hiyo haitajwi sana. Nami nadhani ndiyo inayotufaa sisi, wenye karakana za watu watano, ambao mmoja wetu akishikwa na homa tumepoteza moja ya tano ya nguvu zetu, na ikiwa ni yule wa karoni tumepoteza zote.

Na kuna habari ya malipo, ambayo hupitwa kimya kimya katika mazungumzo ya adabu, lakini redio si sebule. Katika karakana ile fundi alilipwa kwa fulana na kijana alilipwa kwa siku. Fremu zikichelewa, mwenye kupungukiwa ni fundi. Mwenye kuzichelewesha hapungukiwi kitu, na akiziwahisha haongezewi kitu. Matokeo yake fundi alikuwa na kinyongo na kijana, kijana akimwona fundi kuwa ni mtu wa ghadhabu bila sababu, na kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake, kwa maana waliotiwa katika jahazi moja walikuwa wamelipiwa nauli za safari mbili. Fauka ya hayo, alipwaye kwa fulana hushawishika kuiharakisha mashine kuliko tanuri linavyoweza. Wino wa plastisoli, ambao ndio utumikao zaidi, haukauki kwa upepo. Hutaka joto la nyuzi takriban 160 za sentigredi lipenye hadi chini ya wino wote, na mkanda ukikimbizwa wino huonekana umekauka juu ilhali chini ni mbichi. Nimewahi kuiona fulana ya mgombea ambayo jina lake lilikwisha ondoka ilipofuliwa mara ya kwanza, siku nyingi kabla ya wapiga kura kumwondoa yeye.

Huyo mgombea ananikumbusha misimu. Kazi hii hailingani mwaka mzima: kuna miezi mikavu ambayo watu watano ni wengi, na kuna majuma ya kampeni, ya sherehe za kitaifa na ya mwisho wa mwaka, ambayo watu kumi hawatoshi na taa haizimwi. Hapo huitwa vijana wa deiwaka. Si vibaya kuwaita. Wengi wa mafundi wa leo waliingia kwa mlango huo huo. Kosa ni mahali wanapowekwa, kwa kuwa mwenye karakana, akiwa na haraka, humweka mgeni pale anapomwona yeye mwenyewe, yaani mashineni, naye akaharibu nguo za watu, badala ya kumpa kukunja, kuhesabu, kufunga vifurushi na kubeba maji, na kuwaacha wazoefu huru wasogee karibu na karo. Tena ipo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, zikilipwa kwa kima kisichopungua mara moja na nusu ya kile cha kawaida. Na ghalibu huvunjwa usiku wa kuamkia mkutano wa hadhara, mwanasiasa akizingoja fulana zake asubuhi ili apande jukwaani kuzungumzia haki za wafanyakazi.

Juu ya binti karani nitasema kwa ufupi, ingawa anastahili maongezi yake pekee. Alikuwa akizihesabu fulana za mteja mbele ya mteja, kwa saizi na kwa rangi, kabla ya kupokea hata senti, na nilimwona akimrudisha muungwana mmoja aliyeapa kuwa ameleta mia na hamsini ilhali zilikuwa mia na arobaini na nane. Alidai pia mbili au tatu za ziada kwa kila mia, za kufidia zitakazoharibika, na asiyekubali aliandikiwa hivyo na kutia sahihi. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, nao alifundishwa na Mzee: alipoulizwa "lini?", aliitazama mashine, akiiona imesimama alidhani ina nafasi, akajibu "Ijumaa, inshallah", akaiandika Ijumaa hiyo kwa wino. Mashine iliyosimama ilikuwa imesimama kwa njaa, naye aliisoma kama imeshiba.

Nilirudi Kariakoo mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha, kwa ajili ya kurudisha mwavuli nilioazimwa. Mashine ya pili haikuwako. Palipokuwa pamekusudiwa kuwekwa pamesimama rafu ndefu ya mbao yenye fremu zaidi ya ishirini, kila moja na namba yake, na kabati la kukaushia limepata feni ya pili, mpya, iliyonunuliwa dukani. Msaidizi wa fundi huanza siku yake karoni saa mbili nzima, akifundishwa na kijana, ambaye kwa muda huo ndiye mkubwa wake na humkemea bila haya. Malipo ya fundi, msaidizi na kijana hutoka katika fungu moja kwa oda iliyokamilika, kwa mafungu yasiyolingana. Nao walikuwa wakibishana juu ya mafungu hayo nilipoingia, jambo ambalo lilinipendeza, maana hapo awali kijana hakuwa na la kubishania. Chupa za dawa zimeandikwa kwa rangi ya mafuta isiyofutika, na ukutani juu ya karo, kwa herufi zilizochapwa vizuri kwa fremu, pana maneno: MWENYE DAWA MKONONI HATUMWI.

Nilikuwa ningali mlangoni simu ilipolia. Binti karani akasikiliza, akaandika idadi, akaandika rangi, na kwa jinsi alivyoinua nyusi nilijua mtu wa upande wa pili amekwisha uliza "lini?". Mashine wakati huo ilikuwa imesimama, fundi anafuta mikono. Hakuitazama. Alimwambia mteja asikate, akainuka, akavaa kandambili zake, akaenda kwenye rafu akigusa fremu moja moja kwa ncha ya kalamu ile isiyoazimwa, kisha akaingiza kichwa karoni akauliza jambo ambalo sikulisikia, akajibiwa.

"Jumatatu," alisema aliporudi. "Hapana, kaka yangu, Ijumaa haiwezekani. Jumatatu alasiri."